Peremende za Bahili

Msomaji wangu, najua wiki nzima umenisema. Nilikuacha pale kwenye geti la jengo, mzee wa watu kalala chali vumbini, mkono kifuani, na dereva wa winchi wanayemwita Bahili kapiga magoti pembeni yake. Bahili alikuwa ameshamtia kitu chini ya ulimi. Na nyuma yake kasimama Nyapara, msimamizi wa kazi yote pale, anauliza kwa sauti ya kufika ghorofa ya juu:

"Umempa nini huyo?"

Haya, twende. Sina tabia ya kuzungusha watu.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Alimpa kidonge chake mwenyewe cha moyo, kile alichoandikiwa na daktari aweke chini ya ulimi kifua kikimbana. Jibu hilo lilipanda kooni, likafika kwenye meno, likagoma kutoka.

Maana waliomzunguka ni akina nani? Vijana wanaofunga nondo chini ya ndoano ya winchi yake kila siku ya Mungu. Mama Stoo, mtunza vifaa, ambaye akijua jambo basi mtaa mzima umejua. Na Nyapara mwenyewe. Siku Nyapara akijua kwamba dereva wake wa winchi ni mgonjwa wa moyo, hatamruhusu kugusa hata ngazi.

"Peremende," Bahili akasema.

Watu wakatazamana. Kisha kikazuka kicheko.

"Peremende!" Nyapara akajipiga paja. "Jamani njooni mjionee! Bahili leo katoa peremende!"

Usiwalaumu. Kwa muda mrefu jamaa alionekana na kikopo cha bati mfukoni, kimechorwa majani ya mnanaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonjeshwa. Ukimwomba leo, zimekwisha. Ukimwomba kesho, hizi ni za koo. Ukimwomba keshokutwa, anapanda zake winchi anakuacha umekinga mkono. Ndivyo jina la Bahili lilivyomganda, na yeye akaliacha limgande, kwa sababu lilimsitiri.

Ndani ya kikopo kile hamkuwa na peremende hata ya kulamba. Daktari alimpa vidonge kwenye kichupa cha kioo cheusi, akamwonya asivitoe humo. Lakini kichupa kina karatasi yenye jina la dawa, na watu wa pale kazini ni wa kupekuana. Akavihamishia kwenye bati. Akajiona mjanja.

Chini pale, mzee alivuta pumzi ndefu. Rangi ikaanza kumrudi usoni. Binti yake, msichana mkubwa wa makamo ya kuolewa, aliyekuwa akipita naye tu njiani pale geti lilipo, alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Baba! Baba unanisikia?"

"Nakusikia," mzee akasema. "Mbona unanipigia kelele?"

Mama Stoo akajipenyeza katikati ya watu. Yeye ndiye mwenye sanduku la huduma ya kwanza, na aliwahi kupelekwa semina, jambo ambalo hakuruhusu mtu yeyote alisahau.

"Sukari hiyo!" akatangaza. "Imeshuka! Mmeona alivyolamba kitu kitamu tu akafumbua macho? Binti, mzee kala?"

"Hajala tangu asubuhi, mama. Alikataa chai."

"Si ndio hayo nawaambia! Leteni soda!"

Soda ikaletwa mbio. Bahili akabaki amepiga magoti vilevile, mdomo wazi. Akaona chupa inapita mbele ya macho yake, akaona mzee anakunywa, akaona kila mtu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sukari! Nani alisema sukari? Mzee alikuwa kashika kifua. Bahili aliijua ile namna ya kushika, aliifahamu vizuri sana.

"Mzee," akasema taratibu, "kile kifua..."

"Kimeachia, mwanangu. Peremende yako kali, lakini nzuri. Inachoma choma ulimi."

Watu wakacheka tena. Na hapo binti akafanya jambo lililommaliza Bahili. Alimshika mikono yote miwili, akaibana kwenye mikono yake iliyolowa machozi.

"Kaka, Mungu akubariki. Wengine walisimama tu wanatazama. Wewe umemwokoa baba yangu."

Bahili akaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Alitaka kuiondoa mikono yake, akashindwa. Alitaka kusema, dada, hebu njoo pembeni kidogo. Neno moja tu la pembeni lingetosha! Lakini Nyapara alikuwa palepale, anamkodolea macho kwa furaha kama mtu aliyeona jogoo anataga.

Mzee akapakiwa kwenye pikapu ya kazini akapelekwa zahanati, akapumzike na kuangaliwa. Geti likafungwa. Vumbi likatulia.

"Haya panda juu, bwana peremende," Nyapara akasema. "Zege halingoji mtu."

Bahili akapanda.

Kile chumba cha winchi ni kidogo. Kiti, vioo pande zote, mikono ya kuendeshea kulia na kushoto, na feni isiyofanya kazi. Ukiwa pale juu unaona helmeti za watu chini, njano na nyeupe, lakini sura huzioni. Zamani alipenda mahali pale kuliko mahali popote duniani. Leo alikaa akaona amefungiwa.

Akainua ndoo ya zege. Akaivuta kwa pupa. Ndoo ikayumba, na kule chini helmeti zikatawanyika.

"Vipi huko?" redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Nyapara. "Umelala?"

"Upepo," Bahili akajibu.

Hapakuwa na upepo. Ulikuwa uongo wa pili kwa siku moja, na jioni ilikuwa bado mbali.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto! Mama Stoo kanipigia! Anasema umetoa kikopo chako, umeokoa mtu!"

"Mh."

"Kumbe umewaambia! Mimi nilijua tu iko siku utawaambia. Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Wamesemaje?"

Mke huyu ndiye mtu pekee anayejua. Tangu siku waliyotoka hospitali alimsihi: nenda kawaambie wakupe kazi ya chini, hata ya getini, tutakula hichohicho. Na kila siku Bahili alimjibu, kesho.

"Umewaambia ni dawa, si ndiyo?" mkewe akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Nimewaambia ni peremende."

"Na huko zahanati wameambiwa nini?"

"Hivyo hivyo. Na kwamba ni sukari."

"Wewe!" Kisha sauti ikawa ya mtu aliyechoka. "Sikia. Mimi nimekufichia siri yako, nimewaficha ndugu zangu, nimewaficha na wako. Lakini huyo mzee si wa kwangu wala si wa kwako. Ana watu wake. Usinipigie mpaka umekwenda kusema."

Akakata.

Bahili akaiweka ndoo chini polepole, akazima mashine, akashuka. Njia nzima ya ngazi alijifunza la kusema. Daktari, samahani, kulitokea kasoro ndogo. Hapana. Daktari, ile peremende haikuwa peremende hasa. Hapana! Kila namna aliyoijaribu ilimtoa mwongo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

"Unakwenda wapi?" Nyapara akamkuta chini ya ngazi.

"Zahanati. Nikamwone yule mzee."

Ungefikiri Nyapara atakasirika, sivyo? Wapi! Alimpiga bega.

"Leo umenishangaza, ndugu yangu. Kumbe una roho. Twende wote. Mtu kaanguka kwenye geti langu, lazima na mimi nijue hali yake."

Ndiyo bahati aliyokuwa nayo. Alitaka kwenda peke yake, akanong'one kwa daktari, arudi. Sasa kapewa shahidi, tena shahidi yuleyule aliyekuwa akimkimbia.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya barabara kubwa. Benchi ukutani, mizani ya watoto, pazia la kijani. Nyuma ya pazia mzee alikuwa kitandani, dripu mkononi, binti yake kakaa miguuni pake na chupa ya soda ya pili mapajani.

"Kaka!" binti akasimama. "Umekuja hadi huku! Baba, ni yule kaka wa peremende!"

Mzee akainua mkono. Alikuwa mweupe midomoni.

Nesi akatokea na kipimo shingoni. Alikuwa mama wa haraka haraka, anayeongea huku anatembea.

"Nyie ndio mliomhudumia mwanzo? Vizuri. Nimeambiwa sukari ilishuka akalamba peremende akazinduka. Nimempima, sukari sasa iko juu, na ndiyo haki yake, kanywa soda nzima. Kinachonisumbua ni presha. Iko chini kuliko nilivyotegemea. Nimemtundikia maji. Akipata nguvu aende nyumbani akale."

Aende nyumbani! Bahili akajisogeza mbele. Sema sasa. Nesi huyu hapa.

"Nesi... na kifua mmekiangalia?"

"Kifua kina nini? Mgonjwa hajaniambia kifua."

"Alipoanguka alikuwa kakishika."

"Mtu akishikwa na kizunguzungu hushika chochote kilicho karibu."

"Bahili!" Nyapara akaangua kicheko. "Asubuhi dereva, mchana daktari! Jioni utakuwa nani, shehe?"

Bahili akacheka pia. Msomaji wangu, sijui nimtetee vipi mtu huyu. Alicheka! Aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka, akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Kisha akatazama sakafu akasema moyoni, nesi akigeuka tena nitamwambia.

Nesi aligeuka. Akatoka kwenda chumba cha pili.

Na hapo mzee akashika kifua.

Haikuwa kama mara ya kwanza. Mara hii alijikunja, kitanda kikalia, dripu ikayumba kwenye chuma chake. Jasho likamtoka usoni yote mara moja.

"Baba! Nesi! Nesi!"

"Ile..." mzee alisema kwa shida. "Ile peremende. Mwambie kijana... anipe ile peremende."

Binti akamgeukia Bahili na kiganja wazi.

"Kaka, mpe nyingine. Nakuomba."

Kikopo kilikuwa mfuko wa kushoto wa koti. Mkono wa Bahili ukaenda wenyewe. Ingekuwa rahisi sana! Angetoa kimoja, mzee angepata nafuu, na wote wangerudi kazini wakimwita shujaa. Vidole vikagusa bati.

Kisha akakumbuka maneno ya daktari wake, siku ile alipoandikiwa. Presha ikiwa imeshuka usiiweke hii mdomoni, maana itaivuta chini zaidi, na huenda usiamke. Na nesi kasema hivi punde presha ya mzee iko wapi.

Akautoa mkono mfukoni mtupu.

"Sina," akasema.

"Unazo!" binti akalia. "Nilikiona kikopo getini! Kaka, ni peremende tu! Nitakununulia boksi zima!"

"Siwezi kumpa, dada."

"Kwa nini?"

Bahili akafungua mdomo, akamwona Nyapara, akaufunga.

Nyapara uso ulikuwa umembadilika. Utani wote ulimtoka.

"Wewe bwana," akasema, "sisi tumekucheka siku zote tukidhani ni tabia tu. Kumbe ni ugonjwa? Mzee anakufa hapa na wewe unambania pipi?"

"Nyapara, ngoja..."

"Ningoje nini! Lete hapa!"

Akamvaa. Kabla Bahili hajajua la kufanya, mkono mkubwa wa Nyapara umezama kwenye koti na kikopo kimetoka. Kifuniko kikafunguka kwa kidole gumba. Kidonge kidogo cheupe kikashikwa, kikaanza safari kuelekea kwenye mdomo wa mzee, na mzee mwenyewe kautoa ulimi, anakingoja.

Bahili akamrukia. Akamkamata kifundo cha mkono, akakivuta kwa nguvu zake zote. Kikopo kikapaa, kikagonga ukuta, na vidonge vikamwagika sakafuni, vikabiringika hadi chini ya kitanda.

"Si peremende!" akapiga kelele. "Si peremende! Ni dawa ya moyo!"

Pazia likafunguliwa. Nesi alikuwa amesimama pale, sindano mkononi.

"Umesema nini?"

Bahili aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na pa kujificha tena.

"Ni dawa ya moyo," akasema chini chini. "Ile ya kuweka chini ya ulimi. Ni yangu, mimi ni mgonjwa. Ndiyo niliyompa pale getini. Nilimwona kashika kifua, nikajua, nikampa. Halafu nikasema ni peremende."

"Ngapi?"

"Kimoja."

"Na ndiyo maana presha..." Nesi hakumaliza. Aliitupa chupa ya soda kwenye ndoo ya taka, akapaza sauti kuelekea ukumbini. "Daktari! Huyu si sukari! Ni moyo! Leta mashine, na mpigie simu dereva wa gari la wagonjwa, sasa hivi!"

Sitakueleza yote yaliyofuata, maana yalikwenda mbio. Daktari kijana akaja na mashine ya waya. Waya zikabandikwa kifuani kwa mzee. Daktari akaisoma ile karatasi iliyotoka, akamwangalia nesi, na kwa namna alivyomwangalia binti akaanza kulia upya. Dakika chache baadaye gari lilikuwa mlangoni na mzee anabebwa, hai, macho wazi, mkono bado kifuani.

Nesi alipopita mbele ya Bahili alisimama.

"Kidonge cha pili kingemmaliza," akasema. "Umesema kwa kuchelewa, lakini umesema."

Hayo yangeweza kumfariji mtu. Yeye hayakumfariji, kwa sababu nyuma ya nesi alikuwa anakuja binti.

Bahili alitarajia kofi. Angelipokea kwa moyo mweupe, hata mawili. Binti hakuinua mkono.

"Ulijua ni moyo?"

"Nilihisi, dada."

"Tangu pale getini?"

"Ndiyo."

"Nikiwa nampa soda, ulikuwa unaniangalia."

Bahili akaitikia kwa kichwa.

"Nilikushika mikono," binti akasema. Akaitazama mikono yake kama kitu alichokopeshwa na mtu mchafu, akaifuta kwenye gauni, akaingia ndani ya gari. Mlango ukafungwa.

Bahili akakaa kwenye benchi. Aibu nyingine mtu huona usoni tu ikapita. Hii alijua haitaondoka kesho wala keshokutwa. Akamkumbuka mkewe. Hakuwa na ujasiri wa kumpigia.

"Tangu lini?"

Alikuwa Nyapara. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tangu kabla ya mvua zilizopita," Bahili akasema. "Vipimo vya kazini vilikuwa vimeshapita. Nikasema vikija vingine ndipo nitasema."

"Na juzi, ulipopitisha yale mabomba juu ya vichwa vya vijana?"

"Nilikuwa mzima juzi."

"Ulijuaje kwamba utakuwa mzima mpaka uyafikishe?"

"Sikujua."

"Vijana wana mama zao, Bahili! Mmoja mkewe kajifungua juzijuzi! Wanakupungia mkono kila asubuhi wakikuona unapanda!" Nyapara sauti ilimpasuka. "Ungeniambia! Mimi ni mtu wa kufukuza mgonjwa? Umewahi kuniona nafukuza mgonjwa?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Pale juu ndipo mahali pekee watu wananiheshimu. Nikishuka, mimi ni nani? Mtu wa kufungua geti, mwenye moyo mbovu."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu maneno hayo, hata mkewe. Yalipotoka yakaonekana madogo mno. Kwa ajili ya hayo alikuwa amemwangalia mzee akinyweshwa soda.

Nyapara akatikisa kichwa. Alitaka kuendelea kufoka, ilionekana wazi, kidole kimeshainuliwa. Kisha macho yake yakaanguka sakafuni, pale vidonge vilipomwagika. Akainama akaokota kimoja. Akakiweka kwenye kiganja. Akakigeuza.

Kidole kilichoinuliwa kikashuka.

"Bahili."

"Naam."

"Hivi..." Sauti haikuwa ya Nyapara tena. Ilikuwa nyembamba. "Hivi mtu mzima asiye mgonjwa akila hizi, inakuwaje?"

"Kichwa kinamuuma sana. Anapata kizunguzungu. Presha inashuka. Kwa nini?"

"Na mtoto mdogo?"

Bahili akasimama.

"Kwa nini unaniuliza?"

Nyapara alikuwa akitazama kidonge tu, hakutaka kumtazama mtu.

"Leo asubuhi uliliacha koti lako kwenye kiti ofisini kwangu, ukaenda chooni. Nikasema, leo nitamkomesha huyu. Nikafungua kikopo chako, nikachota kidogo, nikatia kwenye karatasi. Nilitaka kukutania mbele ya watu, nikuoneshe kwamba nimekula zako."

"Ulikula?"

"Mimi sili vitu vitamu. Nilipokwenda nyumbani kula mchana, kabla mzee hajaanguka getini, mjukuu alinipokea mlangoni. Alinipekua mfukoni kama kawaida yake." Akakifumba kidonge kiganjani. "Nikamwachia karatasi nzima."

Nyapara tayari alikuwa ametoa simu. Vidole vyake vilikosea mara ya kwanza, vikakosea mara ya pili. Mara ya tatu ikaita. Ikaita sana.

"Hallo, baba?" Ilikuwa sauti ya binti yake, mama wa mtoto. Ilikuwa shwari, na nyuma yake redio ilikuwa inaimba.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, kalala. Amelala tangu ulipoondoka. Leo hajanisumbua kabisa, nimefua nguo zote. Kwani vipi?"

"Mwamshe."

"Baba jamani, mwache apumzike, alisema kichwa kinamuuma..."

"Mwamshe!"

Wakasikia miguu yake ikitembea. Wakasikia mlango. Wakasikia akiita, kwanza kwa upole, "Mwanangu, amka, babu anakutaka," kisha tena, kisha kwa sauti nyingine kabisa. Redio huko nyuma iliendelea kuimba.

"Baba, haamki! Baba, amelegea! Kala nini? Mbona haamki?"

Nyapara akamsukumia Bahili simu kifuani.

"Mwambie wewe," akasema. "Mwambie mwanangu mtoto wake kala nini."

Bahili akaishika simu kwa mikono miwili, akapiga yowe moja la kumwita nesi, kisha akaiweka sikioni.

"Dada," akasema, "usiikate simu. Zile hazikuwa peremende."